Kadi ya Komba wa Akiba

Nimeacha kazi mwaka huu, baada ya masika. Hapa Mbinga mjini watu wananiuliza mtu ambaye hajafika hamsini anastaafu vipi, na anastaafu kutoka wapi, maana hawajawahi kuiona ofisi yangu. Swali lao ni la haki. Ofisi yangu ilikuwa begi la mgongoni. Begi limechanika, magoti nayo yamesema kwa sauti yale yaliyokuwa yakiyasema chini chini tangu zamani. Mke wangu amelishona begi lile, sasa anawekea vibanio vya nguo. Sherehe ya kuniaga ilikuwa hiyo.

Ninyi vijana mnaoifanya kazi hii sasa kwa simu mmeniomba niandike nilivyoifanya kwa miguu. Mmeniomba pia niandike bei. Bei sitaandika. Hubadilika kabla wino haujakauka, na aliyeuziwa ghali akisoma atanitafuta.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni kutafuta, kupima thamani na kuuza kadi za wachezaji wa mpira wa zamani wa huku kwetu, wa milimani na wa kandokando ya Ziwa Nyasa. Siyo wachezaji mliowasikia redioni. Ni beki wa timu ya kijiji, mwalimu aliyecheza winga mpaka alipohamishwa, fundi cherehani aliyekaa benchi misimu yote na bado akaitwa mchezaji. Kadi ni picha ndogo nyeusi na nyeupe, inaenea kiganjani, imebandikwa juu ya kipande cha boksi, na nyuma ina maandishi ya mkono. Zote zilitengenezwa na mtu mmoja, Mzee Shaibu, mpiga picha wa hapa mjini, enzi zile timu za wakulima wa kahawa zilipokuwa na jezi zinazofanana. Wanunuzi ni wenye baa wanaotaka ukuta wao uwe na historia, watoto wa wachezaji wanaoishi mbali, na wagombea wanaotaka kuonyesha kwamba baba zao walikuwa watu wa watu.

Mzee Shaibu nilimkuta tayari ni mzee. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa yale ambayo mtu huyataja kwa kifupi. Niliingia studio yake, jirani na soko, kupiga picha ya pasipoti ya kuombea kazi. Mvua ikaanza. Akasema mwanga hautoshi, nisubiri. Mvua ya Mbinga hukaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake, kwa hiyo nilisubiri, na wakati nasubiri akanisukumia boksi la kadi nizipange.

"Nizipange vipi, mzee?"

"Unavyoona wewe."

Nikazipanga kwa timu. Akazitazama, akazichanganya tena kwa mikono yote miwili. "Hivyo hata chizi wa sokoni angepanga," akasema. "Rudi kesho."

Kesho yake nikazipanga kwa sura, siku iliyofuata kwa uchakavu. Siku nilipozipanga kwa kuangalia ni nani alizishika, zenye mafuta ya kupikia huku, zenye masizi kule, zenye alama za meno ya mtoto peke yake, akanivutia kigoda. "Sasa kaa." Picha ya pasipoti hakunipiga, na kazi ile waliipata watu wenye picha.

Baba yake alitoka Kilwa na bidhaa za duka, akaoa huku. Yeye mwenyewe alizaliwa Mbinga, akapatana bei sokoni kwa Kimatengo na kukasirika kwa Kiswahili cha pwani. Alikuwa fundi mzuri na mbahili wa filamu. Nahodha wa timu alipigwa picha mara mbili, ili achague. Mfungaji alipigwa mara mbili. Mchezaji wa akiba alipigwa mara moja, na kama alipiga chafya, basi aliingia katika historia akipiga chafya.

Kadi zenyewe zilianzia kwenye mkebe wa biskuti. Mwalimu mmoja wa kujitolea, Mmarekani, alifundisha hesabu shule ya misheni, na alipoondoka alimwachia Mzee Shaibu mkebe wenye kadi za wachezaji wa kwao, wa besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu kisha kukimbia sana ili urudi ulipoanzia. Wanaume wenye kofia, wengine wanatafuna kitu. Mzee Shaibu alimwuliza nani kati yao ni maarufu. Mwalimu akasema hakuna hata mmoja. Wale maarufu alikuwa amewaacha kwao, kwa kuogopa wizi.

Nyuma ya kadi zile palikuwa na maandishi, na mwalimu alimfasiria: jina, timu, kisha anarusha kwa mkono gani na anapiga kwa upande gani. Katika mchezo wao hiyo ni habari ya maana. Mzee Shaibu aliichukua kama sheria ya kadi zote duniani. Kwa hiyo alipoanza kutengeneza za mpira wa miguu, kila moja iliandikwa nyuma jina, timu, Anarusha, Anapiga. Watu walimwambia kwamba mchezaji wa mpira wa miguu harushi kitu isipokuwa mpira ukitoka nje, na hapo hutumia mikono yote miwili. Akajibu kwamba kadi ni kadi.

Wala hakuandika kwa kubahatisha. Kila mchezaji, kabla ya kukalia kiti cha picha, aliokota jiwe mbele ya studio na kulirusha ng'ambo ya barabara. Mzee Shaibu alitazama mkono, akaandika. Timu nzima ilipanga mstari kurusha mawe. Muuza nyanya wa ng'ambo alihama.

Vifaa vyangu vilikuwa lenzi ya kukuzia, brashi ya kunyolea ndevu kwa ajili ya vumbi, bahasha za kaki na pua. Pua msiidharau. Kadi za mwanzo zilibandikwa kwa uji wa muhogo, na uji wa muhogo hupendwa na mende. Ndiyo maana kadi halisi ya mwanzo imetafunwa pembeni, na yenye pembe nne kamili lazima ihojiwe. Kadi za milimani hukaa jikoni na kunuka moshi. Za ziwani hujikunja kwa unyevu. Mtu wa Mbamba Bay akikuletea kadi yenye masizi ya milimani na kusema ni ya nyumbani kwao, mwulize ameoa wapi. Mara nyingi hapo ndipo ukweli ulipo.

Shida kubwa ni majina. Huku kwetu kila timu ilikuwa na akina Ndunguru watatu, akina Komba wawili, na Kapinga mmoja anayesubiri nafasi. Mzee Shaibu aliandika herufi ya kwanza ya jina la ubatizo, kisha ukoo, basi. Nimeshuhudia wazee wawili wa Litembo wakiacha kusalimiana kwa sababu ya J. Ndunguru, mpaka ilipogundulika kwamba kadi ilikuwa ya J. Ndunguru wa tatu, ambaye wote wawili hawakumpenda.

Thamani ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Anayeanza hudhani kadi adimu ni kadi ghali. Adimu na asiyetakiwa wanafanana sana kwa sura. Nyota wa timu yuko katika kila baa. Kipa wa akiba hayuko popote, na hakuna anayeuliza kwa nini hayuko.

"Nyota anatunzwa na kila mtu," Mzee Shaibu aliniambia siku moja, akimfukuza paka kwenye chumba cha giza. "Asiyejulikana akitunzwa, ametunzwa na mtu mmoja, na mtu huyo ana sababu. Usitafute kadi. Tafuta sababu." Kisha akarudi kwa paka, kwa hiyo sikuyapa maneno yale uzito wake.

Alipofariki aliniachia maboksi na ule mkebe. Kati ya wale Wamarekani yupo mmoja mnene, kofia imemkaa vibaya, shavu limejaa. Niliwahi kumwonyesha mtalii mmoja pale Mbamba Bay, akasema huyu hakuwa mtu wa maana kabisa. Nikarudi nikamtundika sebuleni. Mke wangu huwaambia wageni ni padri wa zamani.

Miaka iliyofuata niliitumia barabarani. Sikuweza kukaa nyumbani wiki mbili bila kuanza kukagua mikanda ya begi. Nilipenda kulala Liuli na kuamka Lituhi, nilipenda harufu ya kahawa inayokauka kwenye vichanja vya milimani, na nilipenda hata ile barabara ya zamani ya kushukia ziwani, ambayo ilimfanya kila abiria awe mcha Mungu. Sasa ni lami, na mtu anafika Mbamba Bay kabla hajakumbuka alichosahau nyumbani. Najua ni maendeleo. Siyapingi. Nasema tu kwamba kwenye lami hakuna mtu anayekusimulia babu yake alicheza namba ngapi.

Kesi ngumu kuliko zote ilinikuta Kitai. Pale ndipo barabara ya kwenda Lituhi inapoachana na ya Mbinga, na watu wa ziwani hupandisha dagaa kuja kuuza. Nilikuwa nasubiri gari. Mama mmoja muuza dagaa, amenizidi umri kidogo, akaniita juu ya vichwa vya wateja wake.

"Wewe! Wewe ndiye mnunuzi wa marehemu?"

"Nanunua picha, dada."

"Picha za nani?"

"Za wachezaji wa zamani."

"Wako hai?"

"Wachache."

"Basi sijakosea."

Aliitwa Skolastika Komba, wa Mbaha. Baba yake, Silvanus Komba, alikuwa kipa wa timu ya huko, Mbasa Stars, na alikufa kwa ugonjwa Skolastika akiwa bado tumboni. Picha moja ilikuwepo. Ziwa lilipopanda likachukua nyumba ya mama yake na sanduku lililokuwa ndani. Mama naye alikuwa ameshafariki. Sasa Skolastika alitaka kujengea kaburi la baba yake. Padri alikuwa amekubali kuja kusoma misa, na fundi alikuwa tayari anaweka vigae. Siku hizi mafundi huchapisha sura ya marehemu kwenye kigae na kukiweka katikati ya msalaba. Fundi alikuwa ameacha nafasi ya mraba. Mraba ulikuwa mtupu.

"Nimezaa," aliniambia, akipima dagaa bila kuangalia kopo. "Kila mtoto akizaliwa, watu wanasema huyu babu yake mtupu. Nami naitikia, ee, babu yake. Naitikia nini? Simjui. Sasa nimempita umri, mimi bibi, yeye kijana. Nikikutana naye huko mbele nitampita kama mtu wa stendi."

Nilikuwa na S. Komba wa Mbasa Stars kwenye begi siku ile ile. Ndiyo kadi inayopatikana kirahisi kuliko zote za ziwani: kijana mpana wa kifua, nywele zimechanwa, anatazama kamera kama anayeidai. Nilimwonyesha, lakini nikamwambia ukweli kwamba Mbasa Stars ilikuwa na akina S. Komba wawili. Mmoja alikuwa Severini, winga, aliyeimbwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Wa pili sikuwahi kumwona, wala kukutana na mtu aliyewahi kumwona.

"Baba mdogo atamjua," akasema. "Amebaki yeye peke yake."

Tukapanda gari la Lituhi. Baba mdogo wake, Mzee Ditrick, aliyekuwa ameshapigiwa simu, tulimkuta nje ya nyumba anashona nyavu.

"Tumsifu Yesu Kristu," nikasema.

"Milele na milele, amina. Mmemleta?"

Alipokea kadi, akaishika mbali na macho, mkono umenyooka. "Ndiye."

"Una uhakika, baba mdogo?" Skolastika aliuliza.

"Tazama kifua. Tazama shingo. Ukoo wetu huu."

Hapo nikauliza swali ambalo ni kazi yetu kuliuliza, hata kama linamfanya mtu aonekane hana akili timamu. "Mzee, samahani. Marehemu kaka yako, akirusha jiwe, alirusha kwa mkono gani?"

"Swali gani hilo?"

"La kadi, mzee."

"Kushoto! Kila kitu kushoto. Kasia kushoto, kijiko kushoto. Katekista alimchapa aache, akachoka katekista. Siku moja nilichukua ndoano yake bila ruhusa, akanirushia jiwe, likanipata hapa." Alisogeza kofia, akatuonyesha kovu. "Kwa kushoto, na mimi nakimbia."

Nikaigeuza kadi. S. KOMBA. MBASA STARS. Anarusha: kulia.

Mzee Ditrick alisoma, akarudia kusoma. "Aliyeandika kakosea."

"Aliyeandika alimrushisha kila mmoja jiwe, kwa macho yake."

"Basi siye."

"Siye, mzee."

Akaigonga kadi kwa ukucha. "Lakini huyu ana sura ya kaburi. Watu watakuja, padri atakuja, kwaya itakuja. Huyu amechana nywele."

"Baba mdogo! Nimwekee baba yangu mtu mwingine?"

"Mtu mwingine kivipi? Komba huyu."

"Akina Komba wa hapa tunajaa kanisani mpaka tunasalia mlangoni. Nichukue yeyote tu?"

"Mimi nasema hivi," akasema Mzee Ditrick, akirudi kwenye nyavu zake. "Mkimpata mwenyewe, sawa. Siku ya misa ikifika mraba uko wazi, anapanda winga. Siwezi kuwaonyesha watu shimo."

Hapo vijana nisikilizeni. Yeyote kati yenu angerusha tangazo kwenye simu akingoja majibu. Nami ningefanya hivyo kama ningekuwa nayo simu ya maana. Badala yake nilimwuliza Mzee Ditrick kaka yake alicheza mechi zipi.

"Moja," akasema. "Kipa mwenyewe aliumwa jino. Walikwenda Ukata, wakafungwa moja bila. Kaka alirudi hasemi. Alikuwa hasemi mpaka tukafikiri na yeye ni jino."

"Nani alimfunga?"

"Mtu wa Ukata. Nani anakumbuka mtu wa Ukata?"

Nilipokuwa narudi Kitai, nimebanwa kati ya magunia, ndipo yale maneno aliyoyasema Mzee Shaibu akimfukuza paka yaliponirudia. Rafiki za Silvanus hawakuwa na sababu ya kumtunza kipa wa akiba aliyefungwa. Ndugu zake walikuwa na sababu, ila picha yao ziwa likaichukua. Alikuwa amebaki mtu mmoja duniani ambaye siku ile ilikuwa nzuri kwake.

Ukata sikupata taabu. Nilimwuliza mama wa kwanza niliyemkuta bombani kama kuna mtu aliyewahi kuifunga Mbasa Stars, naye akaweka ndoo chini ili acheke vizuri. "Unamtaka Mzee Gaudensi mwenye lile goli? Nyumba ile. Usikae mbali na mlango, akianza hutoki."

Mzee Gaudensi alikuwa anageuza kahawa juu ya kichanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa buni au kwa goli?"

"Kwa goli."

Akapangusa mikono, akanikaribisha ndani. Aliichezea timu ya Ukata mpaka magoti yakakataa, na katika muda huo wote alifunga goli moja. Alinisimulia. Mpira ulimfikia nje kabisa ya kumi na nane, hakuutuliza, alipiga ulivyo. "Kipa hakuuona, mwanangu. Alisikia upepo tu. Alipogeuka, wavu unatikisika."

Mkewe akaitikia kutoka jikoni: "Juzi ulipigia katikati ya uwanja. Leo umesogea?"

"Mama, mgeni huyu anajua mpira."

"Ndiyo maana umesogea."

Juu ya mlango, chini ya rozari, ilikuwepo kadi. Aliniteremshia mwenyewe. Nikaipuliza vumbi, nikaitazama nyuma kabla ya mbele, kama nilivyofundishwa. S. KOMBA. MBASA STARS. Anarusha: kushoto. Anapiga: kulia.

Mbele alikuwepo kijana mwembamba, masikio makubwa yamesimama kama vishikio vya chungu, na macho yamefumba. Mzee Shaibu hakuwa amepoteza filamu ya pili.

Niseme kama mpima thamani. Pembe mbili zimeliwa na mende. Mkunjo katikati. Mchezaji hajulikani, amefumba macho, alicheza mechi moja akafungwa. Hakuna mwenye baa ambaye angeitundika hata chooni. Niliiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mzee, hii ulipataje?"

"Nilikwenda Mbinga kuinunua. Shaibu akashangaa, akasema mimi ndiye wa kwanza kuiulizia. Goli bila kipa ni nini? Ni mpira umepita. Yangu mwenyewe ilipotea, hii nimeitunza. Wenzangu wote wa siku ile nimeshawazika. Huyu ndiye shahidi wangu. Siuzi."

"Sikuja kununua," nikasema, sentensi ambayo sikuwahi kuitamka kazini. Nikamweleza habari za Skolastika, kaburi, na ule mraba.

Aliisikiliza yote akichambua punje za kahawa zilizomng'ang'ania mkononi. "Alikuwa na mtoto?"

"Alikuwa tumboni."

"Hakusema," akasema Mzee Gaudensi, kana kwamba ni jambo ambalo kipa angepaswa kulitangaza kabla ya kona kupigwa. Kisha akaniambia niipige kadi picha kwa simu ya mjukuu wake, lakini kadi yenyewe irudi juu ya mlango. Mjukuu akaituma kwa fundi.

Nilirudi Kitai siku ya dagaa nikiwa na nakala niliyochapisha mjini. Skolastika aliifuta mikono yake kwenye kitenge, mbele na nyuma, akaishika. Wateja walimwita, hakuitika. Mmoja alijipimia mwenyewe, tena kwa haki.

"Amefumba macho," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mpiga picha alibana filamu. Alikuwa wa akiba."

Aliendelea kutazama. Kisha mkono mmoja ukapanda taratibu, ukaingia chini ya kilemba chake, ukashika sikio. "Masikio haya," akasema. "Nimeyaficha tangu darasa la kwanza."

Mzee Ditrick alipoonyeshwa alikiri palepale kwamba ndiye, akalia kidogo, kisha akarudi kwenye hoja yake. "Lakini mtu amefumba macho, juu ya kaburi, mbele ya padri?"

"Baba mdogo," Skolastika akamjibu, "ulitaka awe anatazama nini?"

Misa ilifanyika Jumamosi. Kwaya iliimba, padri alinyunyiza maji, upepo wa ziwani ukamnyunyizia na yeye. Mraba ulikuwa umejaa. Watu walipita mmoja mmoja kutazama, na kila aliyetazama kigae aligeuka akatazama masikio ya wajukuu waliopanga mstari, ambao walikuwa wameambiwa wasicheke.

Ndipo nilipomwona Mzee Gaudensi. Alikuwa ameshuka kutoka Ukata kwa gari, na koti la suti kwenye joto la ziwani. Kadi ilikuwa mfukoni, ndani ya nailoni. Alipita katikati ya watu mpaka mbele.

"Wewe ndiye mtoto wa kipa?"

"Ndimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyemfunga."

Mzee Ditrick akasahau kuvaa kofia yake. Mimi nilianza kutafuta mahali pa kukaa, kwa sababu nililijua goli lile na urefu wake, na nilihofia upepo, wavu na katikati ya uwanja, vyote mbele ya marehemu.

"Nimesikia," Skolastika akasema kwa upole. "Wanasema ulipiga mbali. Hakuuona."

Mzee Gaudensi alikitazama kigae. Alimtazama yule kijana wa masikio, macho yamefumba, kwa muda ambao kwaya ingemaliza ubeti.

"Aliuona," akasema. "Nani kasema hakuuona? Aliuona, akaruka, akaugusa. Vidole hivi viwili. Kidogo tu audake."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

Skolastika akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari za nyumbani. Hakuomba kadi, na mzee hakuitoa mfukoni. Alimshika mkono, wakasimama hivyo mpaka wapishi walipoita watu kula.

Nimefanya kazi ya kupima thamani ya vitu vya watu, na mtu anapouza kwa hasara namjua. Mwaka huu, kabla sijatundika begi, nilipita Ukata kuaga. Kadi iko juu ya mlango. Mzee alikuwa shambani. Mkewe alinikaribisha kahawa, akaniambia mume wake bado anasimulia kila mgeni, ila goli limekuwa fupi siku hizi. Anapiga kutoka karibu, na kipa anaugusa.